Mchango Wetu Ni Irabu

Jirani, mimi katika dunia hii nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu cha kujidai nakijua. Siasa siijui. Mpira naujua wa kubishana tu, kikosi chenyewe cha timu yangu sikijui. Pesa tukikutana njiani hatusalimiani. Lakini sabuni? Sabuni niachie mimi. Nimefua tangu nikiwa kapera, nikaoa nikidhani nastaafu, kumbe naongezewa mzigo. Naijua ya mche, naijua ya kipande, naijua ya unga. Naijua na ile ya maji, ile ya kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, ambayo povu lake linafika mpaka uani kwa watu ila doa linabaki pale pale limekukodolea macho.

Halafu anatokea mtoto wa juzi ananiambia sabuni siijui.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wa mama mwenye nyumba. Yuko chuo kikuu, anasoma isimu. Siku aliponitajia hiyo isimu nilimpa pole. Nikamwambia ajikaze, asiache dawa. Tangu siku hiyo ananiangalia kwa jicho la huruma. Sasa mtu anakuonea huruma, na shangazi yake ndiye anayekudai kodi, utambishia nini?

Ilikuwa jioni, dukani kwa Mangi, tumekalia makreti ya soda. Mimi nikatamka, tena kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao, kwamba neno sabuni ni la Kiarabu. Limekuja na majahazi. Mwalimu mstaafu akaitikia kwa kichwa. Muuza mahindi akaitikia. Jirani, sikumbuki mara ya mwisho watu wawili kukubaliana na mimi kwa mpigo. Nikaona leo ndiyo leo. Nikaongeza na mkono.

"Ni kweli, anko," kijana akasema. "Waarabu wanasema sabun. Ila na wao walilipata kwa watu."

Unaona roho mbaya hiyo? Angenyamaza angepungukiwa nini?

Basi akamwaga. Eti huko Roma ya kale kulikuwa na bwana anaitwa Plinius. Wanamwita Mzee, kwa sababu alikuwa na mpwa mwenye jina hilo hilo. (Wapwa! Mimi naona shida ya wapwa haikuanza leo.) Huyu mzee aliandika vitabu 37 vya mambo ya asili, halafu akafa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, maana watu walikuwa wanakimbia kuja, yeye anakwenda. Katika kitabu cha 28 ameandika habari ya kitu kinaitwa sapo. Kinatengenezwa kwa mafuta ya mnyama na majivu. Mafuta ya mbuzi ndiyo mazuri. Kipo kigumu na kipo cha majimaji, yaani mche na chupa, tangu enzi hizo. Anasema kiligunduliwa na Wagali, wale waliokuwa wanakaa inapoitwa Ufaransa leo.

Nikamuuliza, walikuwa wanafulia au wanaogea?

"Walikuwa wanapaka nywele, anko. Ziwe nyekundu."

Kijiwe kizima kikanigeukia. Hakuna aliyesema kitu. Wakaniangalia kichwani tu. Mimi nina kipara, jirani, na sikukichagua. Lakini hebu fikiria: historia ya sabuni ndiyo kwanza inaanza, ukurasa wa kwanza, na mimi nimeshatolewa nje. Tena Plinius anasema kwa Wajerumani wa kale waliokuwa wanaitumia zaidi ni wanaume kuliko wanawake. Wanaume! Wanapaka rangi nywele! Na hapa mtaani kijana akitia bleach kidogo tu kichwani anaitishiwa kikao cha ukoo.

Na Waroma wenyewe, wenye mabafu ya marumaru na maji ya moto ya bure karibu na bure, walikuwa wanaogaje? Wanajipaka mafuta ya zeituni, halafu wanajikwangua na chuma kilichopinda. Ndiyo kuoga huko. Watu wametawala nusu ya dunia wanajiparua. Mimi hapa naogea kwenye bafu la mabati la wapangaji wote, mlango unashikwa na waya, lakini angalau nina sabuni. Ninakuwa nayo, niseme. Nikiisahau jioni, asubuhi nakuta imebaki karatasi, tena ina unywele. Unywele! Kwenye sabuni ya mtu mwenye kipara! Ushahidi gani mwingine mnataka? Nimeitisha mkutano wa wapangaji. Wote wakakana. Wote wana nywele.

Turudi kwenye neno. Kijana anasema hata hilo sapo la Waroma si la kwao. Walilipata kwa hao hao watu wa kaskazini, wa makabila ya Kijerumani. Huko huko ndiko limetoka soap la Waingereza na Seife la Wajerumani wa leo. Wafini nao wakalichukua huko, wakawa na saippua. Na Kifini, jirani, si ndugu wa Kiingereza. Si shemeji. Hawana hata babu wa mbali wa kusingizia msibani. Waroma nao wakalisambaza upande wao: Waitalia sapone, Wafaransa savon, Wareno sabão. Wahungari, ambao lugha yao haifanani na ya jirani yao yeyote, wana szappan.

Halafu likaenda mashariki. Likapita kwa Wagiriki, likapita Shamu, likafika kwa Waarabu. Kumbuka lilikuwa na p. Waarabu hawana p. Hawana kabisa, ukiwapa p wanakurudishia b. Ndiyo ikawa sabun. Hapo sasa likapata miguu. Waturuki sabun. Waajemi sabun. Wahindi sabun. Wamalesia na Waindonesia, kule mwisho wa bahari, sabun. Wasomali saabuun. Wahausa wakaona wageuze mkia, wakasema sabulu. Lugha chungu nzima, nyingi hazina undugu wa karibu, zingine hata herufi hazifanani, ila ukiingia dukani umechafuka unaeleweka.

"Na sisi?" nikauliza. Maana nilikuwa nasubiri zamu yetu. Nikajiweka sawa kwenye kreti. Neno limetembea karibu miaka 2,000, limepanda farasi, limepanda ngamia, limepanda jahazi, limefika Lamu, limefika Unguja, bila shaka na sisi tumelifanyia kitu cha maana.

"Sisi tuliongeza i."

I?

"I mwishoni. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti. Ndiyo maana tuna benki, hospitali, basi."

Jirani, nilikaa kimya. Mtu kavumbua, mtu kaandika kitabu, mtu kabeba, mtu kabadilisha p ikawa b, kazi ya maana ile. Sisi tumechangia irabu. Ukitaka kujua nafasi yetu kwenye mambo ya dunia usihangaike na taarifa ya habari. Angalia mche wa sabuni. Mwishoni pale, kadoti juu.

Mwalimu mstaafu akaona kikao kinamponyoka. Akakohoa, akasema yeye anayo asili ya kweli ya neno hilo. Kulikuwa na mlima Roma, unaitwa Sapo. Watu walikuwa wanatoa sadaka ya wanyama juu kule. Mafuta yanayeyuka, yanachanganyika na majivu, mvua inanyesha, yote yanateremka mpaka mto Tiber. Wamama wanaofua mtoni wakashangaa nguo zinatakata zenyewe. Ndiyo sabuni hiyo, na jina ni la mlima.

Sasa hiyo ndiyo hadithi! Ina mlima, ina mvua, ina wamama. Nikaipenda hapo hapo. Usiku nikamsimulia mke wangu yote, na mimi nikaweka radi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo Baba Zai, wewe unasubiri mvua ndiyo ufue yale mashuka?"

Kesho yake kijana akaniambia hakuna mlima huo. Hakuna aliyewahi kuuona, na Waroma wenyewe wa kale hawakuuandika mahali. Ni hadithi ya baadaye tu. Nimemwelewa. Lakini nasema wazi: kati ya Wagali wanaopaka nywele na mlima wa mwalimu, mimi nabaki na mlima. Mtu mwenye kipara ana haki ya kuchagua.

Ila hili la lugha kufanana liliniwasha. Nikasema nitakwenda kuhakikisha mwenyewe. Nyumba ya tatu kuna mama katoka Bukavu. Nikamuuliza, kwenu hii mnaitaje? Akaniangalia, akaangalia sabuni, akasema, "Sabuni." Halafu akaificha nyuma ya ndoo. Sijui ananionaje mama yule.

Nikaenda Kariakoo, duka la Mhindi. Nilijipanga. Nikaingia kifua mbele, nikamwambia kwa lafudhi niliyoiokota kwenye filamu: "Sabun!" Bwana yule hata hakuinua kichwa kwenye kikokotoo. Akasema, "Kaka, sabuni rafu ya nyuma kushoto, ukichukua katoni nakupunguzia, rejareja bei iko ubavuni, na usiguse zile zilizofunguliwa." Kiswahili kimenyooka kuliko changu. Amezaliwa Kisutu. Nikaona aibu, nikanunua kipande ambacho sikukipangia bajeti. Wakati anafunga nikajikaza, nikamuuliza kwao nyumbani wanasemaje. "Kigujarati tunasema sabu," akasema. "Bei ni ile ile."

Mimi nimelifikiria hili jambo, jirani, na ubongo wangu unavyopata moto haraka nilikuwa napumzika katikati. Nikafikia hapa: neno ni mtumba. Limevaliwa na mtu huko, likafungwa kwenye robota, likaja. Kila likifika linakutana na fundi wa mtaa. Huyu anapunguza kiuno, yule anaongeza kishikizo. Sisi tuliongeza kishikizo. Lakini robota haliji tupu kutafuta neno la kubeba. Mzigo ndio unaokuja, na neno limo ndani. Watu waliletewa kipande cha sabuni mkononi, wakauliza hiki nini, wakaambiwa, basi. Nani ataanza kutunga jina lingine na yeye anataka kuoga?

Na ukitaka kuona kwamba ni kweli, angalia waliokuwa na ya kwao. Wayoruba wana sabuni yao nyeusi ya majivu, wanaitengeneza wenyewe, na neno ni lao, ose. Majirani zao Wahausa hao hapo na sabulu yao ya kuletewa. Wachina walikuwa na mti ambao maganda ya matunda yake yanatoa povu, walikuwa wanafulia hayo, na mpaka leo jina la mti limo ndani ya jina la sabuni yao. Hawakuhitaji sabun ya mtu. Kila penye chao pana jina lao.

Bibi yangu mimi alikuwa anasugua masufuria na majivu ya jikoni. Sufuria lina mafuta ya juzi, majivu juu yake, maji kidogo, mkono unazunguka. Sasa nasikia sabuni ni mafuta na majivu. Kwa hiyo bibi alikuwa anatengeneza sabuni pale pale ndani ya sufuria, kila siku, halafu anaimwaga. Laiti angeipa jina! Leo hii pengine Waturuki wangekuwa wanahangaika kuongeza irabu kwenye neno la bibi yangu. Lakini bibi alikuwa akiita kazi ile "kuosha vyombo", na akinituma mimi nilikuwa nakimbilia mpirani.

Wareno nao wana kesi yao. Walikaa kwenye pwani yetu karibu miaka 200, wakatuachia meza, wakatuachia bendera, wakatuachia na gereza, maana hawakuwa watu wazuri. Sabuni haikuwa na haja ya kupitia kwao, tayari tulishaipata kwa wengine. Wakaendelea mashariki na sabão yao. Wathai wakasema sabu. Mwaka 1543 wakafika Japani, na pengine ndiko Wajapani walikopata shabon. Sasa ngoja ucheke. Wajapani siku hizi sabuni ya kawaida wanaiita sekken, neno tofauti kabisa. Ila yale mapovu wanayopuliza watoto yanapaa hewani, hayo bado ni shabondama. Yaani sabuni wameiacha, wamebaki na povu tu. Kwenye hilo, ndugu zetu Wajapani karibuni mtandaoni kwetu. Huku watu wanatoa povu kuanzia asubuhi na hakuna aliyeoga.

Lakini wenzetu wengine sabuni wameichukulia kwa uzito. Nablus, huko Palestina, na Aleppo, huko Syria, wanaipika kwa mafuta ya zeituni miaka na miaka, na mwaka 2024 UNESCO ikaziingiza zote mbili kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Usioshikika! Ya kwangu pia haishikiki, inaniponyoka kila siku na kudondokea kwenye tundu la maji machafu, mbona hawaji kuiandika? Mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, mwaka 1688 alitoa amri kwamba sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni na si mengine. Mfalme mzima, ana vita, ana majumba, anakaa chini kuwaza mche wa sabuni. Mimi hapa kipande kinakonda kila mwezi, bei inanenepa, sijaona hata mjumbe wa mtaa akipita kuuliza hali.

Na Marekani miaka ya 1930 kampuni za sabuni ndizo zilikuwa zinalipia michezo ya redioni ya mchana, ile isiyoisha, ili mama akiwa anafua asikilize na anunue. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza na Wamarekani tamthilia ya mapenzi ya namna hiyo wanaiita sabuni. Nilimweleza mke wangu hili, katikati ya tamthilia yake ya Kituruki, pale yule dada anapogundua kwamba mchumba wake ni kaka yake. Sikumaliza sentensi. Nililala nje ya mazungumzo siku kadhaa.

Sasa juzi kijana kaja na mpya. Kule katikati ya bahari ya Pasifiki kuna watu wa irabu wenzetu, na wao neno likiishia konsonanti hawalali. Wasemao Kiingereza waliwapelekea soap. Wamaori wa New Zealand wakasema hopi. Wahawaii hawana s, wakaweka k, wakatia na a mwishoni.

Hesabu mwenyewe. K. O. P. A.

Kopa!

Sabuni, Hawaii, ni kopa. Kijana akajitahidi kunieleza kwamba hiyo siyo undugu, siyo kuazimana, ni sadfa tu. Sauti ni chache, maneno ni mengi, lazima mengine yagongane, na lile kopa letu halina habari na lile la kwao. Mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nimeshasimama. Maisha yangu yote nimetafuta lugha ambayo shida yangu na dawa yake ni neno moja, na ipo, ina minazi na bahari.

Nikaenda dirishani kwa Mangi. Pale juu ameandika kwa chaki kwamba mkopo ni kesho, na kesho hiyo naiona imeandikwa pale tangu nahamia mtaa huu. Nikakohoa. Nikamwambia, "Mangi, nipe kopa."

"Soma ubao."

"Hapana, sikopi. Naomba kopa. Ni sabuni hiyo, kwa Kihawaii."

Mangi akaniangalia muda. Akavuta droo, akatoa daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu, ambao siku hizi una mwenzake umebanwa kwa pini.

"Na hii yote hapa, kaka, Kihawaii wanaiitaje?"

Nikamgeukia kijana wa isimu. Akawa anaangalia simu.